Kupanga nyumba ya likizo Lamu: mwongozo kamili, tangu kuuliza maji hadi kurudisha ufunguo

Familia nyingi kutoka Mombasa, Nairobi na hata Dar es Salaam siku hizi hupenda kupanga nyumba nzima Lamu badala ya kulala hotelini, na nafikiri wanafanya vyema. Nyumba ni nafuu zaidi mkiwa wengi, watoto wana pa kuchezea, na mnapika mnachokitaka. Lakini nyumba ya Lamu si fleti ya likizo ya Nyali, Mombasa. Mji huu umekaliwa bila kukatika kwa zaidi ya miaka 700, nyumba nyingi za mawe zilizosimama leo ni za karne ya 18 na ya 19, na tangu mwaka 2001 mji wa kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Pia ni mji wa wavuvi, wenye madau na mashua zinazoingia na kutoka kwa kufuata maji ya bahari. Anayepanga nyumba hapa huwa amepanga na mtaa: majirani, msikiti ulio karibu, kisima, na saa za maji kujaa na kupwa. Kwa sababu hiyo maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni tofauti na yale uliyoyazoea kwingine.

Hatua ya kwanza: chagua msimu kwa kutazama upepo

Kaskazi huvuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi. Bahari hutulia, maji huwa safi, samaki huwa wengi sokoni, na joto huwa kali. Huu ndio wakati wa bei za juu, hasa wiki mbili za Krismasi na Mwaka Mpya. Wenye nyumba wengi wakati huo hawapangishi chini ya wiki nzima.

Kusi huanza kuingia Aprili pamoja na mvua za masika, na hushika nguvu Juni hadi Agosti. Bahari ya nje huchafuka, wavuvi wenye vyombo vidogo hubaki kwenye mikono ya bahari iliyokingwa na visiwa, na samaki wakubwa huadimika. Mei baadhi ya nyumba na hoteli hufungwa kabisa ili zikarabatiwe. Kwa upande mwingine, Julai na Agosti hali ya hewa ni ya baridi kidogo, usiku unalala bila panka, na Aprili au Juni unaweza kuomba bei ipunguzwe na ukasikilizwa. Kwa familia yenye watoto wadogo wanaotaka kuogelea, mimi ningechagua Februari au mwanzo wa Machi: umati wa Krismasi umeondoka na bahari bado ni shwari.

Kalenda ya Kiislamu nayo iangalie. Katika Mfungo Sita Lamu huadhimisha Maulidi yanayokusanya wageni kutoka pwani yote, Visiwa vya Ngazija na kwingineko, yakiongozwa na Msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh, mtu wa asili ya Ngazija. Ukitaka kuyashuhudia, tafuta nyumba miezi kadhaa kabla, maana hata vyumba vya nyumbani kwa jamaa hujaa. Ramadhani nayo ina utamu wake kwa aliye na jiko lake: mchana mji umetulia na mikahawa mingi imefungwa, kisha baada ya magharibi vichochoro vinachangamka hadi karibu na daku. Asiyefunga anaweza kula nyumbani mwake bila kumuudhi mtu, mradi asile barabarani.

Hatua ya pili: amua mtaa kabla ya nyumba

Hapa ndipo wageni wengi hukosea, kwa sababu picha za mtandaoni huonyesha chumba na paa, hazionyeshi njia ya kufika.

Mkomani, upande wa kaskazini wa ngome ya kale iliyo katikati ya mji, ndiko zilikojaa nyumba kubwa za mawe za kale. Vichochoro ni vyembamba, kivuli kipo mchana kutwa, na kelele ni za watu na punda tu. Ukipenda usanifu na historia, kaa hapa. Langoni, upande wa kusini, kumechangamka zaidi kwa maduka na biashara, na nyumba nyingi ni za baadaye. Bei huwa ya chini, na ni karibu na Riyadha. Nyumba zilizotazama bahari kwenye barabara ya gatini hupata upepo mzuri lakini pia mngurumo wa injini za boti tangu alfajiri.

Shela iko kilomita tatu hivi kusini mwa mji. Huko ndiko kwenye ufuo mrefu wa mchanga, na nyumba nyingi za likizo zimetengenezwa upya kwa ajili ya wageni, zingine zikiwa na bwawa la kuogelea. Bei zake ni za juu kuliko mjini. Ni kijiji chenye historia yake: vita vya Shela vya takriban 1812, ambamo watu wa Lamu waliwashinda watu wa kisiwa jirani cha Pate na washirika wao wa Mombasa, vilipiganwa kwenye mchanga huo, na Msikiti wa Ijumaa wenye mnara uliofanana na koni ulijengwa mwaka 1829. Kutoka Shela hadi mjini ni mwendo wa dakika arobaini hivi kando ya bahari, ila maji yakijaa sehemu ya njia hufunikwa, kwa hiyo utapanda boti au utazungukia njia ya ndani.

Ushauri wangu: kama kuogelea ndiyo sababu ya safari, nenda Shela. Kama unataka kuishi katika mji wenyewe, kununua mahamri asubuhi kwa mama wa mtaa na kusikia wanafunzi wa chuo cha Kurani wakisoma, panga Mkomani na uende Shela kwa boti siku unazotaka kuoga baharini.

Hatua ya tatu: soma nyumba

Nyumba ya mawe ya Lamu imejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio huamua upana wa chumba, na ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, mara nyingi visivyozidi mita tatu kwa upana. Usidhani chumba kilichoandikwa "cha watu wanne" kitaingia vitanda viwili vikubwa ubavu kwa ubavu. Omba picha iliyopigwa kutoka mlangoni, inayoonyesha kitanda na ukuta wa pili kwa pamoja.

Ukiingia unaanzia daka, ile baraza ya nje yenye viti vya mawe, kisha unapita tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na kutokea kiwandani, uwanja wa ndani ulio wazi kwa juu. Kutoka hapo ni misana, vyumba virefu vinavyotazama kiwanda, na nyuma kabisa ni ndani, chumba cha faragha chenye ukuta wa zidaka, vishubaka vilivyochongwa kwa chokaa. Mpangilio huu ulitengenezwa ili mpita njia asiwaone watu wa ndani, na ili hewa ya joto itokee juu kiwandani. Nyumba nzuri ya likizo ni ile ambayo kiwanda chake hakijazibwa kwa mabati wala plastiki. Kikizibwa, nyumba hupoteza hewa na mwanga kwa pamoja.

Zamani familia yenye nyumba ya ghorofa iliishi juu, na chini palikuwa ghala na makao ya watumwa. Historia hiyo imo ndani ya kuta hizi na haifai kufichwa. Kwa mpangaji wa leo maana yake ni kwamba vyumba vya chini mara nyingi vina giza na unyevu, na vya juu vina upepo lakini vinafikiwa kwa ngazi zenye vidato virefu visivyo na mahali pa kushika. Ukisafiri na mzee au mtu mwenye maumivu ya magoti, uliza waziwazi: kuna chumba cha kulala na choo kwenye sakafu moja, na kuna vidato vingapi hadi hapo?

Tazama kuta pia. Ukuta uliopakwa chokaa hupumua na kutoa unyevu wa chumvi. Uliopigwa plasta ya saruji juu ya matumbawe huhifadhi chumvi hiyo hadi plasta inavimba na kumomonyoka. Ukiona kwenye picha rangi iliyovimba kimo cha kiuno, tarajia harufu ya unyevu na nguo zenye ukungu. Unga kidogo mweupe unaodondoka kutoka ukuta wa chokaa ni jambo la kawaida. Sogeza kitanda kidogo, yatosha.

Kisha maji, ambayo kwangu ndiyo swali kubwa kuliko yote. Maji matamu ya Lamu hutegemea mvua inayonyonywa na vilima vya mchanga vya Shela na kuhifadhiwa chini yake, na visima vya huko ndivyo vinavyolisha mji. Wakati wa kiangazi, wageni wakiwa wengi, bomba linaweza kutoa maji kwa saa chache, na baadhi ya visima vya mjini vina ladha ya chumvi. Muulize mwangalizi wa nyumba, si mwenye tangazo, kwa maneno kama haya: "Salaam aleikum bwana. Maji ya nyumba yanatoka wapi, bomba au kisima? Tangi ni la lita ngapi? Pampu inatumia stima, na stima ikipotea mnafanyaje?" Mwenye nyumba anayejua kazi yake hujibu papo hapo. Anayesema tu "maji hayana shida" muulize tena. Maji ya kunywa panga kununua, hata mkiambiwa ya kisima ni safi.

Katika bafu za zamani kuna birika, kisima kidogo cha kuhifadhia maji ya kuogea, na wakati mwingine humo mnaishi samaki wadogo. Wamewekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Waambie watoto wasiwatoe, na usimwage sabuni ndani ya birika. Chota kwa kata, uoge pembeni.

Stima huwa ni ya tokeni. Uliza nani ananunua tokeni, na kama kuna sola au betri ya kuendesha taa na panka umeme ukikatika. Chandarua ni lazima kila kitanda, tena kisicho na matundu. Juu ya paa mara nyingi pana kibanda cha makuti, mahali pazuri kuliko pote jioni. Usiwashe jiko la makaa chini ya makuti, hata mpishi akisema amezoea: nyumba zimebanana, na moto ukishika mji hauna njia ya gari la zimamoto.

Hatua ya nne: hakikisha, kisha toa arbuni

Matapeli wa nyumba za likizo wapo pwani nzima, na huchukua picha za nyumba ya mtu mwingine wakaweka namba yao. Dawa ni rahisi. Omba simu ya video, na mwambie aliye upande wa pili aanze nje kwenye mlango, aingie, afungue bomba la jikoni, apande hadi paani, halafu atoke atembee hadi mahali unapopatambua: ngome, gati au msikiti. Tapeli hawezi. Anayekataa mara mbili kwa visingizio, achana naye.

Nyumba za kupangisha wageni Kenya zinatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, kwa hiyo una haki ya kuiulizia. Ukituma pesa kwa M-Pesa, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha na ulilinganishe na jina mlilokubaliana. Toa arbuni, si bei yote, na salio ulipe baada ya kufika na kuiona nyumba. Kama mwenye nyumba anataka zaidi kwa sababu ni Desemba, ni halali yake, lakini basi mwandikiane.

Makubaliano yawe kwa maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Yataje tarehe na saa za kuingia na kutoka, idadi ya watu, na ni nini kimo katika bei: mpishi, mfanyakazi wa usafi, tokeni, gesi, maji ya kununua yakihitajika, mashuka na taulo. Yaeleze arbuni itarudishwaje mkiahirisha. Uliza pia masharti ya mwenye nyumba kuhusu pombe na wageni wa usiku. Nyumba nyingi za mji wa kale ni za familia za Kiislamu zilizokaa humo vizazi kwa vizazi, na wengine hawataki pombe iingie kabisa. Ni bora kujua mapema kuliko kugombana mlangoni.

Hatua ya tano: kufika

Kwa ndege utashuka uwanja wa Manda, kisiwa kilicho mkabala, kisha unavuka mkondo kwa boti dakika chache tu. Kwa basi kutoka Mombasa unapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, halafu boti hadi kisiwani. Barabara imekuwa nzuri, lakini kuna vizuizi vya usalama: kila mtu mzima abebe kitambulisho au pasipoti, na uulize kampuni ya basi hali ilivyo siku hizo, kwani safari za usiku kwenye kipande hicho zimewahi kupigwa marufuku. Panga kufika mchana. Vichochoro vya Mkomani usiku vinamchanganya hata aliyepita asubuhi.

Mwambie mwangalizi aje kuwapokea gatini na jina la nyumba. Mizigo hubebwa kwa mkokoteni, kwa punda, au begani kwa hamali. Kubalianeni bei kabla mzigo haujainuliwa. Mifuko yenye mikanda ya kubebea mgongoni ni bora kuliko masanduku ya magurudumu. Mkisikia "Punda!" nyuma yenu, jibanzeni ukutani, kwa kuwa punda aliyebeba mawe hasimami.

Kabla ya kumaliza kulipa, pita chumba kwa chumba na mwangalizi. Fungua kila bomba, vuta maji ya choo, washa kila panka, tikisa mtungi wa gesi, kunjua vyandarua. Piga video fupi ya nyumba nzima ukitaja tarehe. Watu wema hawaoni vibaya kwa hili. Inawalinda wao kama inavyokulinda wewe.

Hatua ya sita: jiko na soko

Kama nyumba ina mpishi, umepata zaidi ya ulicholipia. Mpe pesa za soko asubuhi, mwachie achague, na jioni atakupa hesabu. Usimbane kwa menyu ya wiki nzima. Samaki wa siku ndiye anayeamua: changu, tewa, kolekole, nguru wakati wa kaskazi, au pweza na ngisi maji yanapopwa sana. Ukitaka kamba mawe, sema siku moja au mbili kabla, na usinunue wadogo wala wenye mayai hata wakiwa rahisi, maana wavuvi wa hapa wataishi kwa kamba hao mwakani.

Ukienda mwenyewe, soko liko kando ya ngome, ile iliyojengwa kati ya 1813 na 1821. Fika mapema. Tazama jicho la samaki liwe angavu na matamvua yawe mekundu, kisha lipa bei bila kupigania shilingi kumi za mwisho. Beba kikapu: mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 2017, na katika mji wa vichochoro bila magari, kila takataka mnayozalisha itatolewa kwa mkono au kwa mgongo wa punda.

Mwombe mpishi akupikie samaki wa kupaka siku ya kwanza na biriani siku ya Ijumaa. Asubuhi tuma mtoto akalete mkate wa mofa ukiwa wa moto. Na mpishi ale mnachokula. Nyumba nyingi za Lamu huona aibu mpishi akila makombo.

Hatua ya saba: kuishi na majirani

Salimieni. Anayepita barazani bila salamu huonekana ana ugomvi. Kutoka paani kwenu mtaona viwanda na mapaa ya wengine, ambako wanawake huanika nguo na kupumzika bila buibui. Geuzeni viti vitazame bahari, na simu zenye kamera zisielekezwe huko. Nguo za kuogelea ni za ufuoni Shela, si za kichochoroni. Muziki upunguzwe baada ya isha. Azana ya alfajiri mtaisikia, kwani misikiti ni mingi na iko karibu. Anayelala usingizi mwepesi achague chumba cha ndani, kuta zake nene husaidia.

Kwa matembezi ya bahari, mwulize mwangalizi akutafutie nahodha anayemjua. Bei iwe ya chombo kizima, ikitaja chakula, muda na jaketi za kuokolea, moja kwa kila mtu na za saizi ya watoto. Magofu ya Takwa kisiwani Manda hufikiwa kupitia mkono wa bahari wenye mikoko ambao hupitika maji yakijaa tu, kwa hiyo saa ya kuondoka huamuliwa na bahari. Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, ni safari nzuri ya nusu siku. Ukitaka Siyu au Pate, miji ya kale ya kisiwa cha Pate, chombo hupitia Mkanda, mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, nao pia hungoja maji. Nahodha akikwambia leo haiendeki, msikilize.

Mtu akiugua, Hospitali ya King Fahd iko upande wa kusini wa mji, kwenye njia ya kuelekea Shela. Weka namba ya mwangalizi na ya mwenye boti moja kwenye simu za watu wazima wote.

Hatua ya nane: kutoka

Siku moja kabla, mkumbushe mwangalizi saa ya ndege au basi na umwombe apange boti mapema, maana kwenye gati maji yakipwa sana kupanda chombo huchukua muda zaidi, hasa kwa wazee na mizigo. Piteni nyumba pamoja tena, mkilinganisha na ile video. Kilichovunjika kiseme mwenyewe na ukilipe pale pale.

Bakhshishi mpe kila mfanyakazi mkononi mwake, usimwachie mmoja awagawie wengine. Vyakula vilivyobaki ulizia vinakohitajika; mara nyingi nyumba ya jirani ina watoto. Mimina maji kwenye birika lijae, zima pampu, na ufunguo umkabidhi mwangalizi mwenyewe, si kuuacha dukani kwa jirani hata kama kila mtu anafanya hivyo. Kisha mtumie mwenye nyumba ujumbe kwamba mmeshatoka na nyumba iko salama, na kama bomba lilivuja au chandarua kimechanika, mwambie hapo hapo ili mgeni anayefuata akute kimetengenezwa.